Je, wajua kwa nini Kiswahili kilifukuzwa kwenye darasa la Kiingereza?

Shule niliyosoma ilikuwa na kipande cha ubao kisichozidi ukubwa wa daftari, kimetobolewa juu na kupitishwa kamba ya katani. Asubuhi kiranja alitoka nacho. Wa kwanza kunaswa akiongea Kiswahili alivishwa shingoni, akatembea nacho mpaka naye amnase mwenzake. Jioni, mstarini, aliyekutwa nacho ndiye aliyesafisha vyoo. Sikumbuki mtu hata mmoja aliyejua Kiingereza kwa sababu ya kile kibao. Tulichojua vizuri ni kunong'ona, na kujibanza nyuma ya madarasa kutega sikio kama askari kanzu.

Nani basi aliamua kwamba mtoto akitaka Kiingereza, lugha anayoijua lazima aivue mlangoni kama ndala?

Zamani haikuwa hivyo. Shule za Ulaya zilifundisha lugha za kigeni kama zilivyokuwa zikifundisha Kilatini: mwalimu anaeleza kanuni za sarufi kwa lugha ya wanafunzi, wanakariri orodha za maneno, kisha wanatafsiri sentensi kwenda na kurudi. Mtindo huo ulikuwa rahisi kwa mwalimu mwenye darasa kubwa, na mitihani yake ilisahihishika bila ubishi. Lakini mtu alimaliza miaka akichambua vitenzi na bado hawezi kuulizia njia ya kwenda kituo cha treni. Mwaka 1882 Mjerumani Wilhelm Viëtor alichapisha kijitabu kikali akitaka ufundishaji wa lugha ugeuzwe juu chini: matamshi na mazungumzo yatangulie, kanuni zifuate.

Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, mtu mwingine alikuwa amelifikia jambo hilo kwa njia ya ajabu kidogo. Maximilian Berlitz, mhamiaji kutoka Ujerumani, alifungua shule ya lugha mjini Providence, Marekani, mwaka 1878. Kampuni iliyobeba jina lake husimulia kwamba alimwajiri Mfaransa mmoja, Nicholas Joly, kumsaidia kufundisha Kifaransa. Joly alipowasili, ikagundulika kwamba hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Berlitz mwenyewe alikuwa mgonjwa, hana la kufanya, akamwambia aingie darasani hivyohivyo: aonyeshe vitu kwa kidole, aigize vitendo. Wiki kadhaa baadaye alirudi akitegemea malalamiko. Akawakuta wanafunzi wanaulizana na kujibizana kwa Kifaransa.

Huenda hadithi imetiwa chumvi, maana wanaoisimulia ndio wauzaji. Njia yenyewe, hata hivyo, ilifanya kazi na ikasambaa kwenye miji mingi. Hakuna kutafsiri, mwalimu anatumia lugha inayofundishwa tu. Ila angalia ilifanya kazi kwa nani. Walikuwa watu wazima waliolipa ada kwa hiari yao, wachache darasani, mbele ya mwalimu aliyezaliwa na lugha ile. Na kwa mwenye biashara kulikuwa na faida nyingine: mwalimu hakuhitaji kujua lugha ya wanafunzi, hivyo angeweza kupelekwa mji wowote.

Sasa hamisha kanuni hiyo mpaka Afrika Mashariki.

Januari 1961, Uganda ikiwa bado haijapata uhuru, wataalamu kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Kampala, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Makoloni yalikuwa yanaelekea uhuru, shule zinaongezeka, walimu hawatoshi. Miaka thelathini na mmoja baadaye, mwaka 1992, msomi Robert Phillipson aliurudia mkutano ule na kuchambua imani tano zilizojengeka katika kazi hiyo: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, mwalimu bora ni aliyezaliwa nacho, mtoto akianza mapema ndiyo vizuri, kikifundishwa kwa wingi zaidi matokeo yatakuwa mazuri zaidi, na lugha nyingine zikitumika sana, kiwango cha Kiingereza kitashuka. Yeye aliziita zote tano upotofu.

Mimi naikazia macho imani ile ya pili, kwa sababu inaikamata mkono ile ya kwanza. Ukishasema Kiingereza pekee, moja kwa moja mgeni kutoka London asiyejua neno la Kiswahili anakuwa mwalimu bora kuliko mwalimu wa Tabora aliyejifunza lugha hiyo kwa jasho na anakumbuka kila shimo alilotumbukia. Upungufu wa mgeni unageuka kuwa sifa. Ujuzi wa mwenyeji unageuka kuwa kosa la nidhamu.

Kibao chenyewe ni cha zamani kuliko Makerere. Karne ya 19 huko Wales, baadhi ya shule ziliwavisha watoto kipande cha mti, mara nyingi kikiwa na herufi W.N. (kifupi cha "Welsh Not"), kwa kosa la kuongea Kiwelisi badala ya Kiingereza. Nacho kilihama shingo hadi shingo, na aliyebaki nacho mwisho wa siku aliadhibiwa. Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Kumbe na vyoo vile nilivisafisha kwa desturi ya watu!

Wanaotetea Kiingereza tu hupenda kutaja Kanada. Ni kweli, mwaka 1965 huko St. Lambert, karibu na Montreal, watoto wa familia zinazoongea Kiingereza walianza shule ya awali kwa Kifaransa, na baada ya miaka michache walikielewa vizuri mno. Lakini walimu wale walizijua lugha zote mbili, na mwanzoni mtoto aliruhusiwa kuuliza kwa Kiingereza bila kuchapwa wala kuchekwa. Tena hata hao, kwa kusikia kwingi kote huko, walibaki na makosa mengi walipofungua mdomo. Mwaka 1985 mtafiti Merrill Swain alieleza kwamba kusikia na kuelewa hakutoshi. Mwanafunzi lazima asukumwe atoe lugha yeye mwenyewe, ajikwae, ajirekebishe.

Linganisha na darasa letu. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali Tanzania husoma kwa Kiswahili, na akifika kidato cha kwanza anakuta baiolojia, jiografia na hesabu zote zimegeuka Kiingereza. Mwalimu akiuliza kama wameelewa, darasa zima linaitikia ndiyo kwa sauti moja. Keith Chick, aliyechunguza madarasa ya Waafrika nchini Afrika Kusini enzi za ubaguzi, aliona tabia hiyohiyo: majibu ya pamoja yanamkinga mwanafunzi asiaibike, na mwalimu naye yanamkinga, na somo linaisha bila mtu kujua nani kaelewa nini. Mitaala ya sekondari Tanzania ilibadilishwa mwaka 2005 ili mwanafunzi afanye zaidi ya kukariri, na kazi za vikundi zikahimizwa. Sasa waweke watoto sita wajadiliane, halafu wakataze lugha pekee wanayoweza kujadiliana nayo. Utapata kikundi kimya sana chenye katibu mmoja anayeandika.

Kiswahili kingesaidia nini hapo? Chukua jambo linalowatesa wengi: lini useme "I have eaten" na lini "I ate". Vitabu vinajaza kurasa. Mtoto wetu tayari anajua tofauti ya "nimekula" na "nilikula". Akikaribishwa chakula anajibu "nimekula", kwa sababu ameshiba sasa hivi. Akisimulia ya jana anasema "nilikula". Mwambie aanzie hapo, umeokoa vipindi viwili. Kisha mwonye, kwa Kiswahili vilevile, kwamba daraja hilo lina ubao uliooza. Sisi tunasema "amelala" mtu akiwa anakoroma, na "nimechoka" uchovu ukiwa bado mwilini. Ndiyo maana daftari limejaa "The baby has slept" na "I have tired". Mwalimu asiyejua Kiswahili ataona kosa. Anayekijua ataona lilikotoka.

Sisemi kipindi kizima kiwe Kiswahili. Hilo nalo nimeliona: mwalimu anafundisha Kiingereza dakika arobaini, Kiingereza kikasikika dakika tano, wanafunzi wakatoka wakijua habari za lugha bila lugha yenyewe. Kwa mtoto ambaye nyumbani na mtaani hasikii Kiingereza, darasa ndilo kisima chake, na ukikijaza mchanga umemwonea. Kinachotakiwa ni mpango. Cha kuchekesha, mpango unaotajwa sana leo ulitokea Wales, kulekule kwa kibao. Mtaalamu wa elimu Cen Williams aliueleza mwaka 1994 kwa neno la Kiwelisi, trawsieithu: mwanafunzi anapokea habari kwa lugha moja, anaifanyia kazi kwa lugha nyingine. Anasoma kwa Kiingereza, anajadili kwa Kiwelisi, au kinyume chake. Kila lugha inajua zamu yake.

Mwalimu mmoja niliyewahi kukaa nyuma ya darasa lake alikuwa na wanafunzi zaidi ya themanini na tatizo la "Borrow me your pen". Aliandika ubaoni "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu", akawauliza nani anatoa na nani anapokea. Wakagundua wenyewe kwamba Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja pande zote mbili, na Kiingereza kina viwili: "lend" kwa anayetoa, "borrow" kwa anayepokea. Dakika mbili, akafuta ubao. Kuanzia hapo Kiingereza tu: kila mmoja amwombe jirani kalamu, na jirani akatae kwa sababu yoyote anayoweza kuitengeneza. Mtoto wa dawati la nyuma, ambaye sikuwa nimemsikia kipindi kizima, aliikumbatia kalamu yake kifuani na kusema "No, my pen is sick", na mwenzake akamjibu papo hapo, "Lend me the sick pen, I am a doctor."