Usubi wa namba 20: kazi ya kupunguza

Juzi nilimkalisha binti wa kaka yangu mezani afunge nzi wake wa kwanza wa namba 20. Alipofika mzunguko wa tisa wa uzi, bado yuko palepale nyuma ya ushanga, nikamshika mkono.

"Shangazi, mbona? Nataka ishike vizuri."

Ndilo kosa lenyewe hilo. Mimi nilikaa nalo miaka miwili.

Kwa asiyeijua kazi hii, nzi wa kuvulia ni ndoana iliyovishwa uzi, manyoya na waya mpaka ifanane na mdudu anayeliwa na samaki. Hapa Kenya tunawafunga kwa mkono, tunawahesabu kwa dazeni, na wengi wao hupanda ndege kwenda Ulaya na Marekani. Namba za ndoana zinakwenda kinyume, yaani namba ikipanda ndoana inapungua. Namba 12 unaishika bila kuhangaika. Namba 20, shina lake halifiki urefu wa punje ya mchele, na wapo wateja wanaotaka 22 na 24.

Watu huniuliza ni samaki gani mwenye akili timamu anayehangaika na kitu kidogo namna hiyo. Nenda mto Thiba au Gura, mahali maji yanapokimbia juu ya mawe, ugeuze jiwe moja. Utakuta vijidudu vyeusi vimeng'ang'ania kwa mkia, vichwa vinayumba na mkondo. Hayo ni mabuu ya usubi. Yakiponyoka jiweni yanachukuliwa na maji, na trauti, samaki wa maji baridi, anakaa tu mdomo wazi. Trauti ni mgeni kwetu, aliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 akaachiwa Gura, lakini kula usubi hakuhitaji kufundishwa. Kule New Mexico kuna mto San Juan, chini ya bwawa la Navajo. Maji yake yanatoka kwenye kina cha bwawa, ni baridi mwaka mzima, na majira ya baridi samaki wakubwa wa pale hushiba kwa vijidudu vya namba 20 au vidogo zaidi. Oda za mito ya aina hiyo ndizo zinazotuumiza macho.

Sasa, nzi mdogo si nzi mkubwa aliyepunguzwa kipimo. Kwenye namba 12 ukizidisha mizunguko 10 ya uzi hakuna atakayejua. Kwenye namba 20 mizunguko hiyo 10 inavimbisha mwili, inakula nafasi iliyopo kati ya shina na ncha, na ndoana inakuwa haina pa kuumia. Samaki anaidokoa, anaitema. Ubaya mwingine uko kwenye tundu la ndoana, pale inapopita nailoni ya mvuvi. Mteja mmoja wa ng'ambo aliwahi kunirudishia kifurushi kizima. Nzi walikuwa wanapendeza, ila nusu yao matundu yalikuwa yamezibwa na vanishi. Hebu mfikirie mtu amesimama kwenye maji ya barafu, vidole vimekufa ganzi, anasukuma nailoni kwenye tundu ambalo halipo. Nilikasirika wiki nzima, kisha nikakubali kwamba ana haki.

Kwa hiyo ninapofundisha naanza na uzi, na wanafunzi huchoka kunisikiliza kabla sijafika kwenye manyoya. Uzi hupimwa kwa denia, ambayo ni uzito wa mita 9,000 za uzi kwa gramu. Kwa namba 18 natumia denia 70, na kuanzia 20 nashuka hadi 50 au 30. Lakini namba ya denia peke yake haikuokoi. Uzi wetu ni nyuzinyuzi nyingi zilizolala pamoja, na unaweza kuufanya bapa kama utepe au mviringo kama kamba. Iache bobini, yaani kishikio cha uzi, ining'inie chini ya ndoana, kisha ukiitazama kutoka juu izungushe kinyume cha saa. Uzi utafunguka na kuanza kung'aa, kwa sababu sasa umelala. Ukiizungusha upande wa saa, unajisokota na kukaza.

Uzi bapa unafunika shina kwa mizunguko michache na haujengi kilima. Uzi uliosokotwa unauhitaji pale unapotaka uangukie mahali pamoja kamili, au unapotaka mwili uonyeshe pingili. Kuna mtego humu: ukitumia mkono wa kulia, kila mzunguko unaoufanya unauongezea uzi msokoto kidogo. Ulianza na utepe, baada ya mizunguko 20 una kamba na wewe huna habari. Mimi husimama kila baada ya mizunguko 8 au 10, naining'iniza bobini, naufungua tena. Binti alidhani ninapumzika.

Tulianza na yule mweusi mwenye mistari ya fedha ambaye wavuvi wa Marekani wanamwita Zebra Midge, kwa sababu hana pa kujificha. Ni ndoana, ushanga, uzi na waya, basi. Ushanga wa milimita 1.5, na ukiweza uwe wa tungsteni, maana uzito wake unazidi mara 2 ule wa shaba ya ukubwa uleule na nzi anazama upesi. Bana ndoana kwenye jiliwa. Mizunguko 5 nyuma ya ushanga, kata mkia wa uzi. Kisha weka waya, na hapa ndipo mafundi wengi wa namba kubwa wanapoharibu: wanaufunga waya nyuma peke yake, karibu na mkunjo, halafu wanashangaa mwili una nundu. Ulaze waya juu ya shina kuanzia kwenye ushanga, uufunike kwa uzi bapa hadi nyuma. Ukirudi mbele na uzi, mwili ni laini kama sindano. Sasa zungusha waya, mizunguko 5 iliyoachana sawa, ukienda kinyume na ulivyozungusha uzi, ili usizame katikati ya nyuzi ukapotea. Ufunge mara 3. Waya usiukate kwa mkasi, kwanza utaharibu mkasi, pili utaacha kisiki. Ushike, uchezeshe huku na huku hadi ukatike wenyewe kwenye mzizi.

Fundo la kumalizia ni moja, mizunguko 3 au 4. Na vanishi, tangu kile kifurushi, siipaki tena kwenye kichwa cha nzi. Naipaka kwenye uzi wenyewe, sentimita 1 iliyo karibu na ndoana, kisha nafunga fundo. Vanishi inaingia ndani ya fundo pamoja na uzi, tundu linabaki salama.

Manyoya nayo yana vituko vyake. Nchi hii ina majogoo kila uani, na bado manyoya ya nzi wadogo wanaoelea tunayanunua Marekani. Jogoo wa kienyeji ana nyuzi ndefu na laini kwenye unyoya wa shingo. Kwa nzi wa kuzama wa namba 12 namtumia na namsifu. Kwa namba 20 unahitaji nyuzi fupi sana, ngumu, zilizosongamana, na majogoo wa namna hiyo wamechaguliwa na kuzalishwa vizazi kwa vizazi, kama wale wa Whiting Farms kule Colorado. Unyoya mmoja mrefu wa mgongoni unafunga nzi kadhaa, kwa hiyo bei yake haitishi kama inavyoonekana dukani.

Bata ni rahisi zaidi. Manyoya yanayoota kuzunguka tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia wake hushika hewa na kuelea, na kwa nzi mdogo yanatosha mawili. Ila usije mezani umejipaka mafuta mikononi, wala umetoka kula mandazi. Yakilowa mafuta yanalala na hayaamki. Na feni izimwe.

Fundi ninayemheshimu kuliko wote kwenye mambo haya ni marehemu Frank Sawyer, aliyekuwa mlinzi wa mto Avon huko Wiltshire, Uingereza. Nzi wake wa mkia wa fezanti, ndege wa jamii ya kuku, hakumfunga kwa uzi hata kidogo. Alitumia waya mwembamba wa shaba, ukawa ndio uzi, ndio uzito na ndio rangi inayometa chini ya unyoya. Unyoya uleule wa mkia ukawa mkia wa mdudu, mwili na mgongo. Ukimfungua nzi wa Sawyer unakuta vitu vitatu tu, ndoana ikiwemo. Wengine wameongeza miguu, shanga na vimetameta. Kwenye namba 14 siwalaumu.

Jioni ile binti alifunga dazeni moja. Nilimpa kipande cha nailoni nyembamba nikamwambia akipitishe kwenye kila tundu, kwa sababu ndivyo ninavyokagua kazi kabla haijatoka kwangu, iwe yangu au ya mtu mwingine. Saba walipita. Watano waliobaki tuliwavua kwa wembe, ndoana zikarudi koponi, na waya wa fedha akauokota mwenyewe sakafuni, vipande vyote vitano.