Je, wajua kwa nini bingwa wa Ulaya aliiacha barafu akiwa na miaka 23?

Machi 2010, mjini Torino, Italia, wanawake watatu walipanda jukwaa la washindi wa mashindano ya dunia ya kuteleza barafuni kisanaa: Mao Asada wa Japani, Kim Yuna wa Korea Kusini, na Laura Lepistö wa Finlandi. Miaka miwili baadaye, Lepistö alitangaza kustaafu. Umri wake ulikuwa miaka 23, wakati ambao mwanasoka wengi wetu tungemwita chipukizi. Kulikoni?

Jibu fupi ni mgongo. Jibu refu linaanzia miguuni.

Mtelezaji anaporuka mruko wa mizunguko mitatu, hukaa hewani kwa muda usiofika sekunde moja, amejikunja mikono kifuani ili azunguke kasi. Kisha hutua akienda kinyumenyume, kwa mguu mmoja, juu ya ukingo wa chuma chembamba. Mguu huo habadilishi. Wengi huzunguka kuelekea kushoto, kwa hiyo mguu wa kulia ndio hutua leo, kesho na mwaka ujao, ukipokea nguvu iliyo mara kadhaa ya uzito wa mwili mzima. Mtu anayeruka chini kutoka ukutani hukunja kifundo cha mguu na kupunguza kishindo. Mtelezaji hawezi kufanya hivyo sawasawa, maana kiatu chake ni kigumu na kimefungwa kwa nguvu ili kifundo kisiteguke. Kishindo hupanda: goti, nyonga, kiuno. Juu ya hayo kuna ile mizunguko ya kujibinua nyuma hadi uso utazame dari, inayopendeza mno machoni na kuubana uti wa mgongo. Mashindanoni mtu huruka mara chache tu. Mazoezini huruka makumi ya mara kwa siku, tangu utotoni.

Lepistö alizaliwa Espoo, jirani na Helsinki, mwaka 1988. Finlandi ni nchi ya hoki ya barafu. Mtelezaji wa kike wa peke yake aliyeipatia nishani ya kwanza ya Ulaya, Susanna Pöykiö, aliipata mwaka 2005 tu. Lepistö alichukua shaba ya Ulaya mwaka 2008, na mwaka uliofuata, mashindano yalipofanyika Helsinki, akatwaa dhahabu mbele ya Carolina Kostner wa Italia, huku Pöykiö akishika nafasi ya tatu. Hakuna Mfini wa kike aliyekuwa amewahi kushinda taji hilo akiteleza peke yake. Mwaka 2010 ulikuwa mzito zaidi: fedha ya Ulaya mjini Tallinn, nafasi ya sita kwenye Olimpiki ya Vancouver, kisha shaba ya Torino, ambako alimzidi Miki Ando wa Japani kwa pungufu ya alama moja. Kwa macho yangu, sifa yake kubwa ilikuwa mtelezo wenyewe, mrefu na usio na haraka. Lakini alama za juu hazipatikani bila kuruka, na mgongo uliokwisha kuumia haukumruhusu kurudi tena kwenye kiwango kile.

Mwenzake Kiira Korpi, aliyezaliwa mwaka huohuo, aliumia kano ya kisigino, akaikosa Olimpiki ya Sochi ya 2014 na kustaafu mwaka uliofuata.

Mwaka 2022 shirikisho la kimataifa la mchezo huu lilipiga kura kupandisha umri wa kushindana na watu wazima kutoka miaka 15 hadi 17, hatua kwa hatua. Uamuzi mzuri, ingawa unagusa mashindano tu. Mazoezini hakuna anayehesabu, na binti anayesubiri kutimiza miaka 17 huwa ameshatua kwa mguu uleule maelfu ya mara.