Mrija wa glakoma ni nini?

Ni kifaa kidogo kinachopandikizwa kwa upasuaji ili kutoa maji yaliyozidi ndani ya jicho na kushusha presha yake. Maji hayo si machozi. Jicho huyatengeneza lenyewe muda wote, nayo hutoka kupitia pembe iliyo kati ya konea (kioo cha mbele cha jicho) na irisi (duara lenye rangi). Njia hiyo isipopitisha vizuri, presha hupanda na mshipa wa fahamu wa jicho hufa taratibu, mara nyingi bila maumivu yoyote. Huo ndio ugonjwa wa glakoma.

Kifaa kina mrija mwembamba wa silikoni, ambao ncha yake huingia sehemu ya mbele ya jicho, na kisahani kinachoshonwa juu ya weupe wa jicho, nyuma kidogo, mahali panapofichwa na kope.

Siri iko kwenye kisahani. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari walijaribu unywele wa farasi na uzi wa hariri, lakini kovu likaziba njia. Katika miaka ya 1960 Anthony Molteno wa Afrika Kusini akalitumia kovu lenyewe: mwili hujenga kifuko kuzunguka kisahani, maji yakapenya polepole kwenye kuta zake na kunyonywa na mishipa ya damu.

Kifuko huchukua wiki kadhaa kukomaa. Kwa hiyo mirija isiyo na vali (kilango kinachodhibiti mtiririko wa maji), kama aina ya Baerveldt, au AADI inayotengenezwa Madurai, India, kwa kawaida hufungwa kwanza kwa uzi unaoyeyuka. La sivyo presha ingeporomoka. Aina iitwayo Ahmed ina vali, hivyo huanza kazi mara moja. Mwenye mrija uliofungwa akikuta presha bado iko juu wiki ya pili, asidhani upasuaji umeshindikana, wala asiache matone ya dawa bila kuambiwa na daktari.

Mara nyingi mrija huwekwa pale dawa na upasuaji wa kawaida wa glakoma vimeshindwa. Haurudishi uoni uliokwisha kupotea. Hili lisemwe wazi kabla mgonjwa hajatia saini, maana wengi wamezoea habari za mtoto wa jicho, ambapo bandeji hufunguliwa na mtu akaona. Hapa kinacholindwa ni uoni uliobaki.

Mrija unaweza kuziba, kuidhuru konea au kutokeza nje na kuingiza vijidudu. Jicho likiwa jekundu, likiuma au uoni ukififia ghafla, hata miaka baadaye, nenda hospitali siku hiyo hiyo.