Je, wajua kwa nini England humwita mgonjwa wa kisukari apigwe picha ya macho hata kama anaona vizuri?

Kisukari huharibu mishipa midogo ya damu kwenye retina, tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga. Mishipa huvimba, huvuja, na baadaye huota mingine dhaifu inayopasuka upesi. Haya yote hutokea bila maumivu, mtu akiendelea kusoma gazeti kama kawaida. Akija kuona ukungu, mara nyingi ugonjwa umeshakomaa. Leza huzuia hali isizidi kuwa mbaya, lakini uoni uliokwisha potea ni vigumu kuurudisha. Kumsubiri mgonjwa alalamike ni kumchelewesha.

England ilianza mpango wa taifa mwaka 2003. Wengi hudhani kiini chake ni kamera. Kwangu mimi, kiini ni orodha. Madaktari wa familia hupeleka majina ya wagonjwa wao wa kisukari kuanzia umri wa miaka 12, kisha kila mmoja huandikiwa barua ya mwaliko. Asiyefika hukumbushwa. Bila orodha hiyo wangekuja wale wale wanaojitunza, na aliye hatarini zaidi angebaki nyumbani.

Siku ya kipimo mgonjwa husoma herufi ukutani, kisha hutiwa matone yanayowasha kidogo ili mboni ipanuke. Huweka kidevu kwenye kamera na kupigwa picha mbili kila jicho. Mwanga humulika ghafla, lakini hakuna kinachogusa jicho. Huambiwa asiendeshe gari kurudi nyumbani, maana macho hubaki na ukungu kwa saa kadhaa. Picha husomwa na watu waliofunzwa kazi hiyo. Yenye dalili za ugonjwa hupitiwa na msomaji wa pili, na wakitofautiana, wa tatu huamua. Ugonjwa ukiwa mkubwa, mtu hupelekwa hospitali.

Mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza katika miaka isiyopungua 50, ugonjwa huu wa retina haukuwa tena sababu kuu ya upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi England na Wales. Waliutaja upimaji huu wa macho, pamoja na udhibiti bora wa sukari, kuwa huenda ndivyo vilivyochangia.

Mkoani Kilimanjaro, hospitali ya KCMC ya Moshi ilianza mpango wake wa kuwapima wagonjwa wa kisukari, kamera ikipelekwa kwenye kliniki za wilayani. Huko, nauli ya kwenda kutibiwa baada ya picha inastahili kupangiwa bajeti mapema kama kamera yenyewe.