Wastani wa asilimia si asilimia: kolamu za hesabu kwenye Power BI

Nimeulizwa tena wiki iliyopita. Mteja ana duka la jumla la vyakula na vyombo, ripoti yake ya Power BI (programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti na chati) inamwambia anapata faida ya asilimia 24, na droo ya pesa inasema vingine kabisa. "Kaka, hii programu yako inadanganya." Programu haidanganyi. Nilifungua faili nikijua nitakachokikuta, na nikakikuta: mtu alibonyeza New column, yaani kolamu ya hesabu, akagawa faida kwa mauzo, akaiburuta ile kolamu kwenye kadi, akachagua wastani. Na mtu huyo hakuwa mgeni wa kazi, ana cheti.

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote: kwamba asilimia hukokotolewa kwenye kolamu, kisha chati ikachukua wastani wake.

Chukua mistari miwili tu ya siku moja. Mtu wa kwanza kanunua sukari ya shilingi 1,000,000, faida yake 50,000, yaani asilimia 5. Wa pili kanunua vikombe vya shilingi 20,000, faida 8,000, asilimia 40. Kolamu ya hesabu imeandika 5 na 40, na kila moja ni sahihi kwenye mstari wake. Ukiomba wastani, Power BI inajumlisha 45, inagawa kwa mbili, inakupa 22.5. Sasa toa kikokotoo. Faida yote ni 58,000, mauzo yote ni 1,020,000. Gawanya: asilimia 5.7. Vikombe vya elfu ishirini vimehesabiwa uzito sawa na sukari ya milioni, ndiyo maana duka linaonekana linachanua kwenye skrini huku mwenyewe anakopa nauli.

Nikishaeleza hivyo, kuna atakayesema basi tuweke jumla badala ya wastani. Jumla ya 5 na 40 ni 45. Mistari ikiwa elfu moja, utaona faida ya asilimia elfu ishirini na kitu. Nimewahi kuikuta kadi ya aina hiyo kwenye ripoti iliyokwisha kuwasilishwa kwa bodi, na mwenye ripoti akaniambia labda ni mambo ya desimali.

Dawa yake ni kipimo, yaani New measure, kile chenye picha ya kikokotoo kwenye orodha ya data:

Asilimia ya Faida = DIVIDE(SUM(Mauzo[Faida]), SUM(Mauzo[Thamani]))

Kipimo hakihifadhi namba popote. Kinahifadhi fomula tu. Kila kisanduku cha jedwali lako kinauliza upya: baada ya vichujio vyote kupita, mistari gani imebaki? Hiyo ndiyo inayojumlishwa kwanza, na kugawanya kunafuata. Kwenye mstari wa sukari utapata 5, kwenye vikombe 40, na chini kwenye jumla 5.7. Fomula ni moja na namba zote tatu ni za kweli. Kwa yule mteja, 24 ilishuka ikawa 7. Hakufurahi, lakini aliacha kuilaumu programu.

Watu wa afya wanaangukia shimo hilohilo. Zahanati yenye watoto 10 imechanja 9, asilimia 90. Hospitali yenye watoto 1,000 imechanja 500, asilimia 50. Wastani wa vituo unasema 70. Ukweli ni watoto 509 kati ya 1,010, asilimia 50.4. Wanaotumia DHIS2, mfumo wa takwimu za vituo vya afya, wangepaswa kuwa wa mwisho kukosea hapa, kwa sababu kiashiria chake hukulazimisha utaje kiasi (namba ya juu ya sehemu) na asili (namba ya chini) kila kimoja peke yake, na ngazi ya wilaya hujumlisha kwanza ndipo igawe. Halafu mtu anahamisha zile asilimia zilizokwisha kugawanywa, anazipeleka Power BI, anachukua wastani. Hamisha kiasi na asili, jamani. Asilimia itajitengeneza hukohuko unakokwenda.

Sasa usikimbilie upande wa pili ukasema kila kitu kijumlishwe kwanza. Kuzidisha ni kinyume. Bidhaa moja bei 2,000 idadi 10, nyingine bei 3,000 idadi 5: mauzo ni 20,000 na 15,000, jumla 35,000. Ukijumlisha bei kwanza unapata 5,000, idadi 15, ukizidisha 75,000. Ndivyo hasa inavyofanya ile "calculated field" ya jedwali egemeo (PivotTable) la Excel, na watu wanaiamini kwa sababu asilimia inazitoa sawasawa. Kwa hiyo ninachowaandikia wanafunzi wangu ubaoni ni hiki: kuzidisha kwa mstari, kugawanya kwa jumla. Bei mara idadi unaweza kuiweka kwenye kolamu, au ukatumia SUMX ndani ya kipimo ambayo hupita mstari kwa mstari bila kuhifadhi chochote. Mimi hutumia SUMX.

Na andika DIVIDE, usitumie mkwaju (/). Mahali ambapo mistari ipo lakini jumla ya mauzo ni sifuri, mkwaju utakuletea Infinity au NaN ("si namba") katikati ya jedwali, na simu yangu ndiyo itakayoita.

Haya mengine nitayapitia haraka.

Wapo wanaoamini kolamu itabadilika wakibonyeza kichujio. Haibadiliki. Ilikokotolewa data ilipohuishwa (Refresh), ikaganda. Kichujio kinaamua mistari ipi ionekane, hakigusi kilichoandikwa ndani ya mistari.

Hapo ndipo TODAY, fomula inayoleta tarehe ya leo, inapowaumiza. Kolamu ya "siku za deni" yenye TODAY ndani yake haijui kwamba kumekucha, inajua siku data ilipohuishwa mara ya mwisho. Faili isipohuishwa wiki nzima, mdaiwa wa siku 30 anabaki wa siku 30 wiki nzima. Ubaya zaidi, ukishaipandisha ripoti mtandaoni, TODAY hufuata saa za UTC, zilizo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu, hata kama ratiba umeiweka kwa saa za Nairobi. Ukihuisha saa nane usiku, kwa UTC ni saa tano usiku ya jana. Deni lote linapungua siku moja, na kwenye kompyuta yako, ambako umejaribu mchana, kila kitu kilikuwa sawa. Sogeza ratiba ipite saa tisa usiku, au tumia UTCNOW, inayoleta saa ya UTC, na uiongezee saa tatu mwenyewe.

Wengine, baada ya kuchomwa na kolamu mara moja, wanasema kolamu ni za wanaoanza. Si kweli. Kipimo hakikai kwenye slaisa (kile kisanduku cha kuchagua kichujio) wala kwenye mhimili wa chati. Ukitaka kupanga wateja katika makundi ya umri, au mauzo "madogo, ya kati, makubwa", hapo kolamu ndiyo mahali pake, na SWITCH ndiyo fomula yake. Tena kolamu ya makundi matatu haina uzito mkubwa, kwa sababu injini huhifadhi kila thamani tofauti mara moja. Inayonenepesha faili ni ile ya desimali ndefu, kila mstari na namba yake, mfano mzuri ukiwa ile kolamu ya asilimia tuliyoanza nayo.

Ila hata kolamu hiyo, kama inategemea mstari wake tu, itengeneze kwenye Power Query, sehemu ya kuandaa data, kabla data haijaingia, au bora zaidi huko huko kwenye hifadhidata.

Na la mwisho, kwa dada wa uhasibu aliyenizuia kwa dakika kumi nisiguse chochote: kuongeza kolamu Power BI hakubadilishi faili lako la Excel. Lifungue uangalie. Liko vilevile, pamoja na ile karatasi iliyoandikwa "Sheet3 mpya mpya".