Je, Wajua Kwa Nini Wajerumani Hawakuishtaki Volkswagen Kama Wamarekani?

Mwaka 2015 iligundulika kwamba Volkswagen ilitia kwenye magari yake ya dizeli programu iliyojua gari liko kwenye kipimo cha moshi, ikalifanya lionekane safi. Marekani, wenye magari waliunganishwa katika kesi moja, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kutoa hadi dola bilioni 14.7. Ujerumani, kwao Volkswagen, kila mwenye gari alitakiwa atafute wakili wake na kufungua kesi yake. Akishindwa, alipe na gharama za upande wa pili. Nani angejitosa?

Kiini chake ni wazo la zamani katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria ya kiraia, yaani ule wa Ulaya bara unaotegemea sheria zilizoandikwa: dai ni mali ya mwenyewe, na hukumu humfunga aliyesikilizwa tu. Kwa Wamarekani unahesabiwa ndani ya kundi mpaka useme unajitoa. Kesi ikianguka, nawe umeanguka, hata kama hukuwahi kuisikia. Mwanasheria wa Kijerumani akiambiwa hivyo huuliza: nani kakutuma unisemee?

Hoja nzuri, ila ina gharama. Wenye hisa wapatao 17,000 walipoishtaki Deutsche Telekom, kampuni ya simu ya Ujerumani, mahakama ya Frankfurt ilielemewa. Ndipo mwaka 2005 ikatungwa sheria ya kesi ya mfano: maswali yanayowahusu wote yanaamuliwa mara moja. Hata hivyo suluhu ilikuja mwaka 2021, miaka 20 baada ya kesi za mwanzo.

Tarehe 1 Novemba 2018 ilianza sheria nyingine, ya vyama kushtaki kwa niaba ya walaji, na siku hiyohiyo shirikisho la vyama vya walaji likaishtaki Volkswagen. Zaidi ya watu 400,000 walijiandikisha, asiyejiandikisha hakuhesabiwa. Hukumu yenyewe ingetamka tu kama kampuni ina kosa, kisha kila mtu angerudi mahakamani kudai pesa zake. Bahati yao, mwaka 2020 kampuni ilikubali suluhu ya euro milioni 830. Kasoro hiyo ilirekebishwa Oktoba 2023: sasa chama kinaweza kudai malipo yenyewe.

Lakini msidhani mfumo wa kiraia ndio kizuizi. Quebec, jimbo la Kanada lenye sheria za asili ya Kifaransa, liliruhusu kesi za kundi zima tangu 1978. Uholanzi nayo, tangu 2020, huwahesabu ndani wakazi wake wote wanaohusika isipokuwa aliyejitoa. Anayeishi nje ndiye kwa kawaida hutakiwa kujiandikisha.