Je, wajua kwa nini kuku wa kienyeji haivi haraka hata ukimuongezea moto?

Mimi nilikuwa naamini kabisa kwamba kuku mgumu dawa yake ni moto. Kuku wa kienyeji anasumbua? Jaza mkaa, pepea, sufuria itokote mpaka mfuniko ucheze. Nimepika hivyo miaka na miaka, mpaka siku moja niko Tanga kwa bibi, nimeinama na kipepeo mkononi, nasikia nyuma yangu, "Mume wangu, punguza mkaa huo, kuku habishani na moto." Akachukua koleo, akatoa karibu nusu ya makaa, yaliyobaki akayafukia kwa jivu. Sufuria ikatulia, ikawa inatoa povu mojamoja pembeni tu. Nikajua leo tutakula usiku. Kumbe kuku aliiva kwa muda uleule niliouzoea, na mchuzi wake ulikuwa unanata midomoni kwa namna ambayo wangu haujawahi.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba maji yanayotokota kwa fujo yana joto zaidi kuliko yanayochemka taratibu. Hayana. Maji kwenye sufuria ya kawaida yakishachemka yamefika mwisho wake, kule Tanga au Dar usawa wa bahari ni nyuzi 100, na Nairobi ambako ni kama mita 1,800 juu ni nyuzi 94 hivi, ndiyo maana mtu aliyehamia bara anaona nyama na maharage vinachelewa. Ukiongeza moto hapo joto halipandi, unachopata ni mvuke tu. Na mvuke unakula moto vibaya sana: kugeuza lita 1 ya maji yanayochemka yote yawe mvuke kunahitaji nishati zaidi ya mara 5 ya ile ya kuyatoa nyuzi 0 mpaka 100. Yaani gunia la mkaa linaishia hewani na kuku yuko palepale. Kibaya zaidi ule mtokoto unapigapiga mafuta yanakuwa matone madogo madogo yanachanganyika na maji, mchuzi unakuwa wa ukungu, na nyama ya nje inachambuka wakati ya ndani bado.

Kitu kinachowahisha kweli ni presha kuka, na si kwa sababu ina moto mwingi. Inafungia mvuke ndani, mgandamizo unapanda, maji yanafika karibu nyuzi 120 bila kuchemka hovyo. Mfuniko wa kawaida hauwezi hilo hata ukiuwekea jiwe juu, ila unaokoa mkaa, kwa hiyo funika.

Sasa ugumu wenyewe unatoka wapi? Nyama imefungwafungwa na kitu kinaitwa kolajeni, ndiyo ile kano, ngozi, na utando mweupe unaozunguka misuli. Kolajeni imesokotwa nyuzi tatu tatu, chukulia mfano wa nywele zilizosukwa mafungu matatu. Kuiva kwa nyama ngumu maana yake ni kufumua huo msuko. Na kila aliyewahi kufumua nywele anajua kwamba ukivuta kwa nguvu hazifumuki upesi, zinataka maji, subira na muda. Joto la kama nyuzi 60 au 70 linaanza kulegeza, likipanda juu ya 80 kazi inakwenda vizuri zaidi, lakini bado ni kazi ya saa.

Umri nao una sehemu yake. Broila anachinjwa akiwa na wiki 5 au 6, misuko yake bado michanga, dakika 40 zinamtosha. Tetea aliyetaga mwaka mzima au jogoo aliyezunguka kijiji kizima, misuko yake imeshashonewa uzi huku na huku, vifungo vinavyoongezeka na kukaza kadiri anavyozeeka, na vifungo hivyo havitishiki na joto upesi. Huyo mpe saa 2, wakati mwingine 3. Siwezi kukupa dakika kamili maana kuku wa kienyeji hauzwi na cheti cha kuzaliwa, chomeka uma kwenye paja, ukiingia bila kubishana ameiva.

Kuna jambo hapa linanifurahisha kila nikilifikiria. Kuku wa kienyeji akipikwa dakika 40 anakuwa mgumu KULIKO alivyokuwa mbichi. Nyuzi za misuli zenyewe zinajikunja zikipata joto, zinakamua maji yake nje kama nguo, na wakati huo misuko ya kolajeni haijafumuka bado. Umepata ukavu na ugumu pamoja. Wengi wanakata tamaa hapo hapo, wanaongeza moto au wanasema kuku mbaya. Ukivumilia, kolajeni inafumuka inakuwa jelatini, inapaka zile nyuzi, na nyama iliyokamuliwa maji inalainika tena mdomoni.

Asubuhi yake fungua sufuria uangalie. Juu kuna mafuta ya njano, chini yake mchuzi umeganda unatetemeka ukiutikisa. Watu wanautupa wakidhani yote ni mafuta. Chota kijiko cha hiyo inayotetemeka utie kwenye maji ya moto, itayeyuka ipotee, mafuta yangeelea. Ile ni jelatini: nywele zilizofumuliwa zikipoa zinajaribu kujisuka tena, ila ovyo, huyu na wa jirani, na maji yananaswa katikati. Inayosemwa kwamba inatibu magoti, ushahidi wake bado mwembamba, mimi naila kwa utamu.

Ndiyo maana bibi anaanza na miguu, shingo na mabawa chini ya sufuria, huko ndiko kolajeni ilikojaa, halafu mapaja, na vitunguu, tangawizi, tui jepesi. Viazi anaviweka kuku akishakaribia, na nyanya nyingi anachelewesha mpaka viazi vilainike, kwa sababu uchachu unavifanya viazi vibaki vigumu. Tui zito linaingia mwisho kabisa, moto mdogo, anakoroga upande mmoja mpaka lianze kuchemka, maana likitokota linakatika na hakuna wa kuliunganisha.